Amana ya Moyo

Hapana kiungo cha mwili kilichopewa kazi nyingi katika lugha yetu kama moyo. Mtu mkarimu husemwa kuwa ana moyo mwema. Mwoga husemwa hana moyo. Aliyekata tamaa amevunjika moyo. Na watu wapatanao hufanya jambo kwa moyo mmoja. Wahenga walinena kwamba kipendacho moyo ni dawa. Lakini katika zama zetu wako watu ambao moyo wao wenyewe huenda kwa msaada wa chombo cha madini, kidogo kuliko kiganja cha mtoto, kilichoshonwa chini ya ngozi ya kifua. Wahenga hawakutuachia methali juu ya moyo wa namna hiyo. Yatupasa, basi, sisi tuliokuja baada yao, tufikiri wenyewe. Chombo kinachorefusha maisha ni cha nani? Nani akipate, nani akilipie, na ni lini kinyamazishwe?

Usidhani, msomaji, kuwa maswali haya ni ya madaktari tu. Daktari ajua namna ya kukitia chombo mwilini. Lakini kama ni haki ama si haki kukitia, na kwa gharama ya nani, hilo ni swali la kila mtu mwenye akili na ndugu.

Kabla ya kuamua juu ya jambo lolote yafaa kulijua, maana hukumu bila ujuzi ni mshale uliotupwa gizani. Moyo wa mtu mzima hupiga mara 100,000 hivi kwa siku moja, na kila dakika husukuma damu ipatayo lita tano. Hufanya kazi hiyo usiku na mchana, wala haujui Jumapili wala sikukuu. Ukichakaa kwa shinikizo la damu lililoachwa miaka mingi bila dawa, au kwa vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, au kwa kulegea kwa misuli yake yenyewe, damu hujikusanya mahali isipopaswa kukaa. Miguu huvimba, na mapafu huingia maji. Mtu aliyezoea kupanda kilima cha Menengai na mzigo wa kuni mgongoni hushindwa kuvuka ua wa nyumba yake bila kupumzika. Usiku hawezi kulala chali, bali hukaa ameegemea mito akitafuta pumzi. Hali hiyo huitwa kushindwa kwa moyo. Jina hilo latisha kuliko maana yake, kwani moyo ulioshindwa haujasimama, umechoka. Na vidonge vikitumiwa kwa uaminifu huweza kuusaidia kwa miaka mingi.

Ugonjwa huu huwajia watu wetu mapema. Uchunguzi uliofanywa katika nchi tisa za Afrika, Kenya ikiwa mojawapo, na kutangazwa mwaka 2012, uliwatazama wagonjwa 1,006 waliolazwa hospitali kwa moyo kushindwa ghafla. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52. Katika Ulaya na Marekani aghalabu ni ugonjwa wa watu waliopita miaka 70. Itafakari tofauti hiyo. Mtu wa miaka 70 amekwisha kuwalea wanawe. Mtu wa miaka 52 bado analipa karo, na huenda karo hiyo ni yako wewe usomaye maneno haya.

Vidonge visipotosha, ndipo vyombo hutajwa. Viko vya namna nyingi, lakini vinne vyatosha kwa mazungumzo yetu. Cha kwanza ni kidhibiti mapigo, ambacho watu wengi hukiita betri ya moyo. Hicho hutuma umeme mdogo na kuuamsha moyo unaopiga polepole mno. Cha pili ni ndugu ya hicho, ila kina nyaya za kufikia pande zote mbili za moyo, ili vyumba vyake vilivyoachana kwa mapigo vipige tena kwa pamoja, kama wapiga makasia waliopata nahodha. Cha tatu ni kishtua moyo. Hukaa kimya kikisikiliza, na mapigo yakivurugika kwa namna iletayo kifo, huupiga moyo dafrao moja ya umeme na kuurudisha katika mwendo wake. Cha nne ni pampu, ambayo huchukua sehemu kubwa ya kazi ya moyo uliokwisha kuelemewa. Pampu hiyo hutoa waya tumboni kwenda kwenye betri ambazo mgonjwa huzivaa na kuzichaji kila siku maishani mwake. Na kwa kuwa pampu za siku hizi husukuma damu bila kukoma, wengine wao ukiwashika kifundo cha mkono huoni mpwito wowote, ijapokuwa wako hai na wanazungumza nawe.

Yafaa ujue vilevile namna vyombo hivi vilivyozaliwa, kwa maana ndani ya kuzaliwa kwake mna fundisho tutakalolihitaji. Mwaka 1958 katika Sweden alikuwako mtu aitwaye Arne Larsson, mwenye umri wa miaka 43, ambaye moyo wake ulisimama na kuzimia mara nyingi kila siku. Mkewe, Else-Marie, hakukubali kukaa akimngojea afe. Aliwaendea daktari mpasuaji Åke Senning na mhandisi Rune Elmqvist, akawasihi na kuwasumbua mpaka wakakubali kutengeneza kitu ambacho hakikupata kuwako duniani. Elmqvist alikimimina chombo chake katika kopo la rangi ya viatu. Tarehe 8 Oktoba 1958 kikatiwa mwilini. Chombo hicho cha kwanza kilidumu saa chache tu, kikabadilishwa. Hata hivyo Larsson aliishi mpaka mwaka 2001, akiwa na umri wa miaka 86, baada ya kubadilishiwa vyombo zaidi ya 20. Na wote wawili, aliyekibuni na aliyekitia, walitangulia kufa mbele yake.

Kishtua moyo nacho kina kisa chake. Michel Mirowski, daktari aliyezaliwa Warsaw mwaka 1924, alimpoteza mwalimu wake mpendwa mwaka 1966 kwa maradhi ya mapigo. Msiba huo haukumwachia usingizi. Akaanza kufikiri chombo kidogo kiwezacho kumlinda mgonjwa popote aendapo. Wataalamu wakubwa walimpinga. Aliendelea, na tarehe 4 Februari 1980 chombo chake kilitiwa kwa mara ya kwanza ndani ya mwili wa mtu huko Baltimore, Marekani.

Sasa turudi nyumbani. Mfikirie mama mkulima wa Molo, ambaye hana jina kwa sababu ni mfano tu, lakini mifano ya aina yake si migeni. Ana ekari mbili za viazi, kondoo wachache, na watoto wanne. Moyo wake umechoka. Amepelekwa hospitali kubwa ya Nakuru, akatibiwa na kupata nafuu, kisha akarudi tena, na mara ya tatu akaambiwa kuwa vidonge peke yake havitamfikisha mbali. Yafaa aende Nairobi, safari ya kilomita 160 hivi kutoka Nakuru, au Eldoret upande wa pili, akatiwe chombo. Bei yake huhesabiwa kwa mamia ya maelfu ya shilingi, na vyombo vingine hupita milioni. Bima itachukua sehemu. Sehemu nyingine itabaki. Jamaa hukutana usiku. Kaka mmoja asema shamba liuzwe. Mwingine auliza watoto watakula nini. Mama mwenyewe, aliyekaa pembeni ameegemea mito, hakuulizwa neno.

Siku ya pili kamati yachaguliwa, na harambee yaitishwa. Tangu mwaka 1963, neno hilo lilipofanywa wito wa taifa, limejenga shule na zahanati zisizohesabika katika Bonde la Ufa. Na siku hizi mchango hupita katika simu, ukitoka Subukia, Njoro, Gilgil, na hata kwa watoto wa nchi walioko ng'ambo. Picha ya mama yatumwa. Watu wamwona, wahurumia, watoa. Huenda fedha zikatimia.

Hapa ndipo mwenye kufikiri anaposimama na kuuliza. Katika wiki ileile, katika vijiji vilevile, kuna watoto wenye maumivu ya koo. Mengi ya maumivu hayo hupona yenyewe. Lakini mengine huletwa na kijidudu ambacho, kikiachwa, huweza kufuatiwa na homa ya baridi yabisi, na homa hiyo hula vali za moyo polepole. Mtoto hucheza, husoma, hukua. Na miaka mingi baadaye, pengine akiwa na mimba yake ya kwanza, moyo wake washindwa. Penisilini, dawa ya zamani na ya bei ndogo, hukizuia kisa hicho kisianze. Na kwa mtoto aliyekwisha kuguswa na homa hiyo, sindano moja kila wiki tatu au nne humkinga asirudiwe nayo. Fedha zilizomnunulia mama mmoja chombo zingaliweza kuwanunulia penisilini watoto wengi sana. Hakuna aliyewafanyia harambee watoto hao. Hawana picha. Hakuna ajuaye ni nani kati yao ambaye moyo wake ungeharibika. Je, tumetenda haki?

Wako watakaojibu upesi kwamba hatukutenda. Watasema kwamba uhai wa mmoja hauwezi kuzidi uhai wa mia. Kwamba huruma yetu imefuata macho badala ya akili. Na kwamba mwenye shilingi moja ya kuokoa watu apaswa kuitia pale itakapookoa wengi zaidi. Hoja hii ina nguvu, na asiidharau mtu. Serikali inayojenga jumba la kifahari la kutibia mioyo michache huku zahanati za Kuresoi na Baringo zikikosa dawa ya koo, imepotea njia. Mchungaji hajengi zizi la marumaru kwa kondoo mmoja na kuliacha kundi mvuani.

Lakini itazame hoja hiyo mpaka mwisho wake, nawe utaona ukali uliofichika ndani yake. Ikiwa hesabu ndiyo hakimu wa pekee, basi kaka yake mama hana ruhusa ya kumsaidia dada yake maadamu yuko mtu mahali fulani awezaye kuokolewa kwa bei nafuu. Hana ruhusa ya kumlipia mwanawe karo, wala ya kumzika baba yake kwa heshima. Binadamu wote wangekuwa nambari kwake, na nambari hazina dada. Mtu aliyeweza kumpita mama yake mwenyewe akihema, kwa sababu ya watoto asiowajua, hatungemsifu kwa upendo wake mkubwa. Tungeogopa kukaa naye. Upendo hujifunzwa karibu kabla ya kutumwa mbali.

Tena kumbuka visa viwili nilivyokusimulia. Else-Marie Larsson hakuwa akiwapigania mamilioni, alimpigania mumewe. Mirowski hakuanza na takwimu. Alianza na kaburi moja. Kama wangaliambiwa kwamba mmoja si kitu mbele ya wengi, wakatii, wale wengi nao wasingalipata chombo. Mara nyingi mlango wa kuwafikia tusiowaona hufunguliwa na yule mmoja tunayemwona. Kosa halimo katika kumhurumia mmoja. Kosa limo katika kuifunga huruma hapo, ikawa kama mto uliopasua mlima kisha ukakauka kabla ya kufika ziwani.

Basi nadhani njia ya haki ni hii: wajibu wa ndugu si wajibu wa serikali, na kila mmoja apimwe kwa mizani yake. Ndugu na jirani wamefungwa na uso wanaoujua. Hao wakitoa kwa ajili ya mama wa Molo hawamwibii mtu. Lakini serikali haina dada. Kwake mama wa Molo na mtoto wa Kuresoi ni sawa, na fedha yake ni ya wote. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya kupata kiwango cha juu kabisa cha afya kiwezacho kufikiwa. Maneno hayo, kiwezacho kufikiwa, hayakuandikwa kuwa mlango wa kutorokea. Ni amri ya kupanga. Yataka penisilini ifike kila zahanati kwanza, presha ipimwe kila kijiji, na juu ya msingi huo vyombo viongezwe mwaka hata mwaka, wapewe wale watakaofaidi zaidi, si wale wenye jamaa wakubwa. Chombo kikifuata cheo cha mtu badala ya haja yake, hapo ndipo wizi ulipo, hata kama risiti zote ni halali.

Wala uhaba haumo katika fedha peke yake. Pampu ya moyo yataka umeme usiokatika. Kaunti ya Nakuru ndiyo yenye Olkaria, ambako tangu mwaka 1981 mvuke wa chini ya ardhi umezungusha mitambo na kuwasha taa za nchi nzima. Na bado ziko nyumba, si mbali na mabomba hayo, ambazo taa zake huzimika mvua kubwa ikinyesha. Kwa mwanafunzi, kuzimika kwa taa ni kuacha kitabu mpaka asubuhi. Kwa mwenye pampu, betri zikiisha hakuna asubuhi ya kungojewa. Kwa hiyo anayempa mtu chombo bila kumpa njia ya kukitunza hakumpa uhai, amempa hofu. Zawadi kamili ni chombo pamoja na fundi wake, kliniki ya kukipima, barabara ya kuifikia, na mtu wa kumuuliza usiku.

Sasa liko jambo ambalo huenda hukupata kulisikia. Kidhibiti mapigo huweza kufanya kazi miaka minane, kumi, au zaidi. Na mwenyewe akifa mapema, chombo hubaki kizima. Wanaochoma maiti hulazimika kukitoa kwanza, kwa kuwa betri yake huweza kupasuka motoni. Wanaozika aghalabu huzika nacho. Hivyo ardhini na katika makabati ya hospitali za nchi tajiri vimelala vyombo vyenye miaka ya kazi ndani yake. Madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walianza kuvikusanya kwa idhini ya jamaa za marehemu, kuvipima, kuvisafisha kwa dawa, na kuvitayarisha kwa wagonjwa wa nchi zisizo na uwezo. Mwaka 2024 matokeo ya majaribio yao yalisomwa mbele ya mkutano wa madaktari wa moyo mjini Chicago. Wagonjwa walikuwa karibu 300, wa nchi saba, Kenya ikiwamo. Na vyombo vilivyotumika mara ya pili havikuonekana kuwa duni kuliko vipya, wala havikuleta uambukizo zaidi.

Msomaji, najua neno linalokujia ulimini. Ni mitumba. Sisi ambao huvaa mashati yaliyovaliwa na wengine, sasa tuvae na mioyo yao? Nguo ya kuazima, walisema wahenga, haisitiri maungo. Uchungu huu ni wa haki, na asiyeuhisi hana kiburi cha kutosha kuwa mtu huru. Si haki ulimwengu ugawanyike hivi, kwamba mmoja azikwe na kile ambacho mwingine akikosa atakufa. Lakini aibu hiyo ni ya mgawanyo, si ya chombo. Mtu anayekufa kiu hachafuliwi na kikombe alichokinywea mwingine, maadamu kimeoshwa. Na huyu anayetoa hatupi takataka zake kwetu; ametoa kitu kilichogusana na moyo wa mama yake. Masharti ni matatu, nayo yasipunguzwe: jamaa za marehemu wawe wameridhia, chombo kiwe kimepimwa kwa ukali uleule ambao nchi tajiri ingeutaka kwa watu wake, na mgonjwa aambiwe kweli yote, kisha achague. Sharti moja likivunjwa, zawadi yageuka kuwa dharau. Na hata yote yakitimizwa, kupokea kusitufanye tuache kudai: apokeaye leo apaswa kujenga ili kesho asihitaji kupokea.

Limebaki swali la mwisho, na ni gumu kuliko yote. Chombo kimetiwa, miaka imepita, na mwenyewe sasa amefikia kikomo chake, ama kwa saratani, ama kwa moyo wenyewe kumalizika. Kishtua moyo hakijui hayo. Kazi yake ni kukataa kifo, nacho hukikataa bila kuuliza. Kimepata kutokea kisa cha mgonjwa kukata roho huku chombo kikimpiga mara kwa mara, kila pigo kama teke la punda kifuani, mbele ya wanawe. Je, ni dhambi kukinyamazisha? Wengi wetu huogopa kutamka neno hilo, tukidhani kuwa kukizima ni kuua.

Tutofautishe. Anayeua huleta kifo kisichokuwako. Anayeondoa kizuizi, kwa ombi la mgonjwa ambaye maradhi yamekwisha kumshinda, huyaacha maradhi yafanye yale ambayo hakuna awezaye kuyazuia, ila huondoa mateso yaliyoongezwa juu yake. Mwaka 2010 madaktari bingwa wa mapigo ya moyo wa Marekani walikubaliana kwa maandishi kwamba mgonjwa ana haki ya kuomba chombo chake kizimwe, kama vile alivyokuwa na haki ya kukikataa tangu mwanzo. Hilo hufanywa kwa kifaa kinachowekwa juu ya ngozi, bila kisu wala maumivu. Lakini angalia neno lenyewe: mgonjwa. Si mrithi anayelitamani shamba, wala si hospitali inayokitaka kitanda, wala si wewe uliyechoka kuuguza. Na kwa kuwa aliye katika sakarati hawezi kuulizwa, yapasa aulizwe mapema, siku ileile anapotiwa chombo, angali ana pumzi ya kujibu. Mama wa Molo alikaa pembeni usiku ule na hakuulizwa neno. Hilo ndilo kosa la kwanza la jamaa zake, nalo litazaa mengine wasipolirekebisha. Moyo ni wake.

Nimetafuta neno moja la Kiswahili litakaloyakusanya haya yote, nikaona kwamba neno hilo ni amana. Amana si mali ya aliyenayo, wala si mali ya kutupwa. Hupokewa kwa ridhaa, hutunzwa kwa uangalifu, na wakati wake ukifika hurudishwa bila vita. Maisha ni amana kwa kila mtu, awe na chombo kifuani au asiwe nacho. Chombo chatukumbusha tu lile ambalo mwenye afya hulisahau. Uwezo wa kutibu nao ni amana katika mikono ya serikali na madaktari. Na fedha ya harambee ni amana katika mikono ya kamati, ambayo ikibakia shilingi baada ya matibabu, yafaa imkumbuke yule mtoto wa koo asiye na picha.

Wewe u kijana, na moyo wako huenda haujakusumbua hata siku moja. Usingoje mpaka ukusumbue ndipo uwe na maoni. Mdogo wako akilia kwa maumivu ya koo na homa, usimwambie kuwa ni baridi ya Mau, mpeleke zahanati. Mzazi wako akiwa na miaka 40, mshawishi akapimwe presha, na akipewa vidonge usimwache avikatize kwa sababu ajiona mzima. Kikao cha jamaa kikiitishwa juu ya mgonjwa, wewe uliyesoma ndiwe utakayeombwa kueleza barua ya daktari. Eleza kwa kweli, kisha geuka, umuulize mgonjwa mwenyewe anataka nini, na uwaombe wakubwa wamsikilize mpaka amalize.